Ulimi wa Ilimba Juu ya Prosesa

Fundi alilinyanyua lile bonge la shaba kwa mikono miwili, akalichungulia chini, akalichungulia juu, kisha akalirudisha mezani kwangu taratibu.

"Mama, hili halikai."

"Halikai wapi?"

"Kwenye mashine yako. Hiki ni kipoozeo cha bodi mpya. Bodi yako ni ya kizamani, ina masikio mawili tu ya kushikia, na hili linataka sita. Halafu angalia hapa pembeni, linagonga hivi vikopo vya umeme."

"Nilikuita ulifunge. Umri wa bodi yangu naujua."

Akacheka. Mimi sikucheka, maana mwenye kufungiwa chumba cha biashara hakuwa yeye.

Kompyuta yangu ilikuwa inakufa kwa joto. Ndani yake, kwenye lile bamba liitwalo bodi, kuna kipande kidogo kinachoitwa prosesa, ndicho kinachofanya kazi ya kufikiri, na kikifikiri sana kinachemka. Juu yake hukaa kipoozeo, yaani chuma chenye mapezi mengi na feni ya kupuliza, ili joto lipate pa kutokea. Kipoozeo changu cha mwanzo kilikuwa kidogo, na feni yake ilikuwa imechoka mpaka inalia. Jua la Dodoma likifika utosini, mashine inapiga king'ora, halafu inazima, pwaa, na kazi ya mteja inakwenda nayo. Mteja yupo pale pale kwenye benchi, anakutazama.

Siku ya kwanza alipoitazama, fundi alisema nimeipika mwenyewe. Kisa ni gauni. Nililishonea lile kasha gauni la kitambaa kizito, lenye lastiki chini na maua yaliyofumwa kwa mkono juu, na nilikuwa nalivalisha hata likiwa linafanya kazi. Sasa niulize, nani pale mjini hafuniki vitu vyake? Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni. Vumbi la kwetu halibishi hodi. Upepo ukianza mwezi wa tisa, unafuta meza sasa hivi na ukigeuka unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Fundi alipolivua lile gauni akakuta manyoya ya kitambaa yamejaa kwenye feni, akashika kiuno.

"Mama, ulikuwa unaipika hii."

"Nilikuwa naistiri."

Basi gauni nikalitupa kabatini. Lakini ile feni haikupona.

Mashine ile tulikuwa tunajuana kabla haijawa yangu. Nilikuwa katibu muhtasi katika shirika moja la umma, na ndiyo niliyokuwa natumia kuchapa. Ubinafsishaji ulipokuja, shirika likapata wenyewe wapya, wenyewe wapya wakaja na watu wao na mashine zao, sisi tukapunguzwa kazi kwa barua zilizochapwa na mimi mwenyewe, yangu ikiwa ya mwisho. Vitu vya ofisi vikapigwa mnada uwanjani. Watu waligombea makabati na mazulia. Mimi nilisimama mbele ya kompyuta yangu nikapaza sauti mpaka wakaniachia. Nikaibeba, nikaiweka katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba, kile kinachotazama barabara ya kwenda Bahi, nikaandika ukutani kwa rangi: TUNACHAPA, TUNATOA KOPI, TUNAFUNGA VITABU. Sisi wenyewe tulikuwa mimi na mama yangu, na mama hakujua kuchapa. Lakini niliandika "tuna."

Wateja wakaja. Wanafunzi wa vyuo na ripoti zao, wachungaji na ratiba za mikutano ya injili, na Bunge likikaa, wasaidizi wa waheshimiwa wanaokimbia na makaratasi jasho likiwatoka. Nilikula kwa mikono yangu. Mama alipata dawa zake za macho kwa mikono yangu. Nikajiona mtu.

Asiyeridhika alikuwa kaka yangu. Yeye ni mkubwa wangu, alikuwa na kazi nzuri serikalini, na baada ya msiba nyumba iliandikwa jina lake, maana ndiye mwanamume. Miaka ile kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa anafungua grosari: bia baridi, viti vya plastiki, muziki, mishikaki mlangoni. Kaka alipita kwangu kila alipotoka kazini, akawa anakipima chumba kwa macho.

"Mdogo wangu, Bunge likikaa hapa, watu watakunywa mpaka barabarani. Wewe unakaa na hicho kidude kinachozima."

"Hakizimi kila siku."

"Mtarudi Bahi wewe na mama. Kuna mpunga kule, hakuna wa kuamia ndege. Maisha mazuri tu, mnatulia."

Kuamia ndege! Mimi niliyeandika barua za wakurugenzi, nikasimame kwenye jaruba na kombeo nikiwapigia kelele kwelea. Nilimwambia kaka, "Ng'o!" Mbele yake, kwa sauti, na yeye ni mkubwa wangu. Mama aliyekuwa ndani akakohoa kunikumbusha adabu.

Kisha ikatokea ile ya binti wa chuo. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mpole, amevaa miwani, amekaa kwenye benchi langu tangu asubuhi nikimchapia ripoti yake ya utafiti. Tukafika kwenye sura ya mwisho. King'ora kikalia. Nikakimbilia kuhifadhi kwenye disketi, nikachelewa. Skrini ikawa nyeusi. Yule binti hakupiga kelele, bora angepiga. Alivua miwani akaanza kulia huku anaomba radhi eti kwa kulia. Na kwa bahati yangu mbaya, kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeona?" akasema. "Umemliza mtoto wa watu. Jumamosi nakuja na viti. Nikikuta hiki kidude kimezima, viti vinaingia ndani na wewe unatoka. Na ile ilimba ya baba hapo ukutani nitaichukua siku hiyo hiyo, niiweke sebuleni kwangu kwenye kabati la vioo."

"Na ukikuta inawaka?"

Akacheka. "Nikikuta inawaka saa sita mchana, viti nitavirudisha nilikovitoa."

"Mama umesikia?" niliuliza kwa sauti ya kuvuka ukuta.

"Masikio ninayo," mama akajibu kutoka ndani.

Nilimwambia yule binti arudi Jumamosi asubuhi na karatasi zake zote, nitamchapia upya, na kitabu chake kitatoka siku hiyo. Alinitazama kwa namna ya mtu asiye na pengine pa kwenda. Nikatuma ujumbe kwa dereva wa basi ninayemfahamu, akaniletea kutoka Kariakoo kipoozeo kikubwa kuliko vyote alivyoonyeshwa. Nilimwagiza hivyo hivyo: kikubwa. Kikaja kikubwa kweli, shaba tupu, kizito, kinang'aa, feni yake upana wa sahani ya chai. Ndipo nikamwita fundi, na ndipo fundi akaniambia halikai.

"Nunua kompyuta mpya tu, mama," alisema akikusanya bisibisi zake. "Mimi nikilazimisha hapa, prosesa ikapasuka kona, utasema nani kapasua? Utasema fundi."

Alikuwa na haki yake. Ile prosesa ya zamani haikuwa na kofia ya chuma juu, ilikuwa kioo kitupu cheusi, ukiibana upande inapasuka na ndiyo basi. Lakini haki yake haikunisaidia. Nikamwambia aniachie japo pesti, ule ute mweupe unaopakwa kati ya prosesa na kipoozeo ili joto lipite. Akanipa tyubu iliyobaki nusu.

"Usimwambie mtu kwamba nimekupa mimi," akasema, akaondoka.

Basi nikabaki mimi na lile bonge. Nililaza kasha ubavu juu ya meza ili bodi ikae chini na uzito usining'inie pembeni. Nikatoa kibanio kilichokuja na kipoozeo, kile cha masikio sita, nikakitupa. Nilichohitaji kilikuwa kitu rahisi: utepe mmoja mwembamba wa chuma, upite katikati ya mapezi, ushike sikio la huku na sikio la kule, na ubonyeze kipoozeo juu ya prosesa bila kugusa vile vikopo. Nani alisema hauwezi kutengenezwa? Fundi alisema bonge halikai. Hakusema utepe hauwezi kutengenezwa.

Nikaanza na mpira wa baiskeli, ule tunaofungia magunia kwenye keria. Ukashika vizuri mpaka joto lilipopanda, ukalegea. Nikaja na waya wa kufungia nondo. Ule ukikunjwa unabaki hivyo hivyo, hausukumi. Nikaomba kipande cha msumeno wa chuma kwa jirani anayechomelea mageti, nikakikunja, kikakatika tii, kidogo kinitoe jicho. Kufika hapo ilikuwa Ijumaa mchana, na mimi nimekaa juu ya stuli, nimeshika tama, nawatukana wenye viwanda wote duniani wanaobadilisha masikio ya vitu ili maskini atupe alichonacho.

Nikainua macho. Ukutani, juu ya mashine, ilikuwa imetundikwa ilimba ya baba.

Kwa asiyeijua: ilimba ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma juu yake, ndefu kwa fupi, unazidonoa kwa vidole gumba vya mikono miwili na zinaimba. Baba alikuwa mtengenezaji, watu walitoka mbali kumfuata. Ulimi wa katikati ndio mrefu kuliko wote na ndio wenye sauti nzito. Na ulimi mzuri ni chuma cha springi, si chuma chochote. Ukiubonyeza unarudi. Ukiubonyeza maisha yako yote, unarudi tu.

Nilikaa nikiutazama mpaka shingo ikauma. Niseme kweli, niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa barua ya kupunguzwa kazi. Baba yangu alikuwa amebakiza kitu kimoja tu duniani kinachotoa sauti, na mimi nataka kukinyofoa ulimi. Halafu nikakasirika. Nilikumbuka kwamba pale uani, baba alipokuwa anafua ndimi, kaka ndiye aliyeketishwa na ilimba mapajani afundishwe kupiga, kwa kuwa ni mwanamume. Mimi niliwekwa kwenye mkaa nipepee moto. Matokeo yake ni nini? Kaka hajui kupiga hata wimbo mmoja mpaka mwisho, na mimi najua chuma kikiiva kina rangi gani. Na sasa huyo huyo anataka kuifungia kwenye kabati la vioo, pembeni ya maua ya plastiki, isiguswe na mtu. Thubutu.

Nikaishusha. Nikalegeza kile chuma cha kukingama kinachobana ndimi, nikauvuta ule wa katikati. Uligoma, kisha ukatoka.

Niliwasha jiko la mkaa uani. Kazi yenyewe ni hii: ncha mbili za ulimi lazima zilainike ili uzitoboe matundu ya kushikia masikio, lakini katikati lazima pabaki pagumu, papate kusukuma. Ukichoma kote, umebaki na bati. Nikachoma ncha moja mpaka ikawa nyekundu, nikaizika kwenye majivu ipoe yenyewe, huku katikati nimepafunga kitambaa kibichi. Nikaja ncha ya pili. Nikaanza kutoboa kwa msumari wa zege na nyundo.

Mama alitoka na fimbo yake akasimama mlangoni. Macho yake yalikuwa yanaona ukungu mtupu siku zile, lakini masikio, weee.

"Unagonga nini?"

"Chuma."

"Chuma gani?"

Nikaishusha nyundo. Kisha nikasema, "Cha baba. Ule ulimi mrefu."

Nikasubiri kilio, nikasubiri laana, nikajiandaa kwa vyote viwili.

"Usichome katikati," akasema.

"Najua, mama."

"Najua unajua. Nakwambia tu." Akageuka, akarudi ndani, fimbo ikigonga sakafu.

Sikumwelewa. Nilidhani ameumia na hana la kusema, na hilo lilinikaa kifuani jioni nzima, lakini mikono sikuisimamisha. Nilitanua matundu kwa tupa mpaka yakalingana na masikio. Nikakunja ulimi katikati kabisa, nikapaka pesti, nikakalisha kipoozeo, nikashika sikio la kwanza, kisha nikaweka bisibisi bapa kwenye ncha ya pili nikaanza kusukuma. Pale ndipo mafundi wanapotoka jasho. Bisibisi ikiteleza inachana vinjia vya umeme vilivyochorwa kwenye bodi, na hakuna wa kuvishona. Nilisukuma kwa mkono mmoja na mwingine umekinga. Nikasikia tak. Imeshika.

Nikawasha. Feni ikavuma vizuri sana. Sijamaliza hata kikombe cha chai, king'ora.

Hapo nilitukana tusi ambalo mama hajawahi kunisikia nikitukana. Nikazima, nikafungua, nikatazama pesti. Nusu ya prosesa ilikuwa imeshika pesti, nusu nyingine kavu. Kipoozeo kilikuwa kimekaa upande mmoja, kimeinua ubavu. Nikachukua kibanio cha kile kipoozeo cha zamani nikakiweka mbele yangu nikakisoma. Loo! Kumbe mkunjo wake haukuwa katikati. Ulikuwa umesogea kidogo upande mmoja, kwa sababu masikio yenyewe hayako sawa kutoka kwenye prosesa, moja liko karibu, moja liko mbali. Mimi kwa kupenda unadhifu wa ofisini nilikunja katikati kwa rula.

Jumamosi alfajiri, kabla ya jogoo wa jirani kuchoka, nilinyoosha ule mkunjo na kuusogeza. Nikapaka pesti upya. Nikafunga. Safari hii nikaudonoa ulimi kwa ukucha, pale ulipopita katikati ya mapezi, nilivyomwona baba akifanya kila alipomaliza. Ukalia. Haikuwa sauti yake ya zamani, ilikuwa nyembamba zaidi, imebanwa, lakini ilikuwa safi, haina mkwaruzo. Chuma kilichokaa vibaya kinakwaruza. Nikajua kimekaa.

Kasha halikufunga tena, bonge lilikuwa limechomoza juu. Sikujali. Nikakata kipande cha chandarua, nikakivutia juu ya uwazi kwa vibanio vya nguo, vumbi libaki nje na upepo upite. Ilikuwa mbaya kuiangalia. Na mimi sikuifungua biashara ya kuangaliwa.

Binti wa chuo alifika saa moja. Alipoona mashine imelala ubavu ndani ya chandarua, akasimama.

"Shikamoo mama. Inaumwa?"

"Marahaba. Imepona. Kaa, tuanze."

Tukaanza. Yeye anasoma, mimi nachapa. Kila ukurasa nahifadhi kwenye disketi, sikuwa mjinga. Jua likapanda. Bati la paa likaanza kutoa ile milio yake ya kutanuka. Saa nne. Saa tano. Nilikuwa naweka kiganja juu ya chandarua nasikia upepo wa vuguvugu ukitoka, vuguvugu tu, wakati siku zote muda huo palikuwa hapashikiki.

Kaka alikuja na pikapu. Viti vyekundu vya plastiki vimepandana nyuma, vimefungwa kwa kamba, na kufuli jipya mkononi mwake. Alichungulia, akaona skrini inawaka, akaona chandarua.

"Makubwa! Ndiyo nini hii, kompyuta ina malaria?"

"Karibu kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Bado saa sita. Nitasubiri."

Akashusha kiti kimoja, akakaa mlangoni, akajipepea na gazeti. Alikuwa anasikilizia king'ora, nilimwona kabisa alivyotega sikio. Mimi nachapa. Yule binti alikuwa anasoma huku akitupa jicho mlangoni, naye alikuwa amekwisha kuelewa kwamba pale pana zaidi ya ripoti. Ikaingia saa sita. Kaka akaangalia saa yake, akaitikisa, akaiangalia tena. Nikabonyeza kuchapisha. Printa ikaanza kutema kurasa, moja baada ya nyingine, na mashine haikusema kitu. Sikumtazama kaka usoni. Nilitamani sana, lakini nilikuwa nahesabu kurasa za mteja.

Akasimama. "Haya, leo imebahatika. Ngoja nichukue ilimba yangu niende."

Akaishusha ukutani. Akapitisha vidole gumba juu yake kwa majivuno, na pale katikati vidole vikaingia kwenye pengo. Akatazama. Nikaona damu inampanda.

"Ulimi uko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye chandarua. "Kazini."

"Umeng'oa ulimi wa baba? Umeng'oa ulimi wa baba ukafungia *kidude*?" Alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. "Huu ni urithi! Huu ni ukoo! Sasa nakwambia, ahadi imekufa. Kwa hili unatoka. Viti vinaingia sasa hivi, leo hii, na huo ulimi unauchomoa mbele yangu!"

"Siuchomoi."

"Unasemaje?"

"Siuchomoi. Mteja wangu hajamaliza."

Akaja mpaka mezani. Nikasimama kati yake na mashine, na nyundo ya jana ilikuwa bado pale mezani, nikaiwekea mkono juu. Sikuinyanyua. Nilitaka tu aone ilipo. Yule binti akasogea akasimama pembeni yangu amekumbatia kurasa zake, na mwili wake mdogo ule, akasimama kweli.

Ndipo fimbo ya mama ikagonga sakafu.

"Ulimi wa nani?" mama akauliza.

"Wa baba, mama!" Kaka alikuwa karibu kulia. "Ule mrefu wa katikati. Ameuchoma moto, ameutoboa!"

"Najua, nilikuwepo. Nakuuliza ni wa nani." Mama alitafuta ukuta kwa mkono akauegemea. "Nilipoolewa nilikuja na kitanda cha springi. Nilikinunua mwenyewe, kwa karanga zangu, nilizolima na kupukuchua mwenyewe, kabla sijamjua baba yenu. Mtaa mzima mimi tu ndiye niliyekuwa na kitanda cha springi. Siku moja nimetoka kisimani, nakuta baba yenu amechomoa springi, ameinyoosha motoni, anafua ulimi. Hakuniomba. Hakuniambia hata pole. Watu wakamsifu, lo, ulimi gani huu, sauti gani hii! Mimi nikalala upande uliobonyea mpaka siku anakufa. Mgongo huu mnaouona, ndiyo springi ile."

Printa tu ndiyo iliyokuwa inatema.

"Na kitanda kilikaa humu," mama akasema, akigonga sakafu kwa fimbo, pale pale chini ya meza yangu. "Hiki ndicho kilichokuwa chumba changu. Chuma ni changu. Nimengoja miaka yote hiyo kirudi kufanya kazi yangu, na binti yangu amekirudisha bila hata kujua. Sasa wewe nani amekwambia ukichomoe mara ya pili?"

Kaka alibaki ameishika ile ilimba yenye pengo kifuani, mtu mzima, mtumishi wa serikali, na mimi kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu. Kisha akaitundika ilimba ukutani pale ilipokuwa, akaliweka kufuli mfukoni, akatoka nje akaanza kukaza kamba za viti vyake. Ukurasa wa mwisho ukatoka. Nikaukata, nikaulinganisha na wenzake, nikazifunga kurasa zote pamoja, nikamkabidhi binti kitabu chake kikiwa bado cha moto.

Mama alikuwa amesogea mpaka mezani, anapapasa chandarua. Akaingiza kidole pembeni ya kibanio cha nguo, mbali na feni, akaugusa ule ulimi na kuudonoa kwa ukucha. Ukalia. Akatikisa kichwa, akatabasamu peke yake.

Kule nje pikapu ikawaka. Mama akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Wee mwanangu!" akaita. "Kile kiti ulichokalia kiache. Benchi la dada yako haliwatoshi wateja."